Chumba kimoja, vyombo kila kona

Pole dada. Chumba kimoja cha kupanga, watoto wawili, vyombo chini, na mwenye nyumba hataki misumari ukutani: nimeishi hivyo miaka 4. Anza na kitanda. Kiinue kwa bloku moja kila mguu (kitikise kwanza kabla watoto hawajapanda), uvungu uwe stoo. Mimi nilipanga humo ndoo za lita 20 zenye mifuniko, unga huku, mchele kule; panya wakahama wenyewe. Makreti ya matunda yaliyochakaa, ukiyalaza ubavu na kuyafunga kwa kamba ya manila, ni kabati la sufuria. Khanga kuukuu ndiyo pazia lake.

Ila ndoo iliyokuwa na rangi au dawa ya shamba usiitie chakula, hata uisugue vipi. Na mtungi wa gesi usiusukumie uvunguni. Uache wima, penye hewa.