Injini Ikigonga, Usikubali Ishushwe Kabla Haijasikilizwa

Jumatano iliyopita msomaji mmoja wa Morogoro aliniandikia. Ana Corolla 110, inagonga ngo-ngo-ngo ikiwa sailensa (imewashwa bila kukanyagwa mafuta), na fundi amemwambia konrodi, vile vyuma vinavyoshika pistoni ndani ya injini, zimekwisha, injini ishushwe, atafute nyingine. Ameshaombwa advansi. "Kaka, nitoe hela au nisitoe?" Niliusoma ujumbe ule mara tatu. Maneno aliyoambiwa ndiyo niliyoambiwa mimi miaka sita iliyopita, karibu neno kwa neno.

Langu lilikuwa Carina TI, injini ya 5A, giaboksi ya otomatiki. Lilikuwa gari la marehemu baba. Mzee alibadilisha oili kila kilomita 3,000 na kuandika tarehe kwenye daftari alilolihifadhi ndani ya gari. Nililirithi likiwa halivujishi hata tone. Kisha asubuhi moja, kwenye foleni ya Ubungo, Dar es Salaam, nikasikia kitu kinagonga, kizito, kama mtu anapiga nyundo ndani ya debe.

Nikaingia gereji ya karibu. Fundi akafungua boneti, akapandisha resi mara mbili, akatikisa kichwa. "Bosi, hizi ni konrodi. Ukiendelea nayo itatoboa bloku." Dakika tano hazikutimia. Hakuchomoa kijiti cha oili. Hakuuliza kelele imeanza lini, wala kama inasikika injini ikiwa ya baridi au ya moto. Na mimi sikuuliza chochote, kwa sababu niliona aibu kuonekana silijui gari la baba yangu.

Siku tisa baadaye nilikuwa nimelipa shilingi 1,350,000 za injini ya mtumba kutoka Ilala na 250,000 za ufundi. Ile ya baba niliiacha palepale, nikiambiwa haifai tena ila kwa chuma chakavu. Tukawasha gari. Ngo-ngo-ngo.

"Itazoea," fundi akasema. Haikuzoea.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Mbagala, fundi mstaafu, niliyepelekwa kwake na shemeji yangu. Alianza na kijiti cha oili. Akaniambia niwashe nisiguse kitu, akavuta kigoda, akakaa kusikiliza robo saa nzima mpaka injini ikapata moto. "Mwanangu, oili ikipata moto inakuwa nyepesi, na konrodi iliyolegea inazidi kupiga kelele. Hii yako iko vilevile."

Kisha akashika koleo lenye mpini wa mpira, akachomoa waya za plagi mojamoja, sekunde chache kila mmoja, na kuurudisha. Silinda isiyochoma mafuta haiisukumi pistoni kwa nguvu, kwa hiyo kama konrodi ya silinda hiyo ndiyo mbovu, kelele hupungua. Gari lilitetemeka mara nne. Kelele haikupungua hata mara moja.

Ndipo akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye chuma na mpini sikioni. Kichwa cha injini, kimya. Bloku, kwa mbali. Alteneta, ile inayochaji betri, hakuna. Alipogusa pale giaboksi inapoungana na injini, akaniita nisikie mwenyewe. Nilishtuka, mlio ulikuwa kama umo ndani ya fuvu langu. Akaniambia nikanyage breki niweke D. Mlio ukabadilika. Tukazima, akafungua kifuniko kidogo cha chini, akamulika tochi: ile sahani nyembamba ya chuma inayounganisha injini na giaboksi ya otomatiki, ambayo mafundi wengi huiita flaiwili tu, ilikuwa imepasuka kuzunguka boliti zake. Injini ya Ilala ilitoka kwenye gari la manyuo, ambalo halitumii sahani hiyo, hivyo ile gereji ilihamisha sahani ya zamani, ufa na yote, kwenye injini mpya.

Nyingine nilinunua Gerezani kwa 60,000.

Injini ya baba ilikuwa nzima. Nimeiandika sentensi hii na bado inaniuma. Nilirudi gereji kuidai, nikakuta imeshauzwa, na haikuuzwa kwa kilo. Imefungwa kwenye gari la mtu.

Tangu siku hiyo sikubali gari la ndugu yangu lifunguliwe kabla halijasikilizwa. IST ya mama mdogo ilikuwa inalia tiki-tiki asubuhi na kunyamaza ikipata moto. Akaambiwa abadilishe cheni ya ndani ya injini. Ilikuwa gasketi ya manifoldi ya ekzosi, pale moshi unapotokea kwenye injini, inavuja: chuma kikipata moto kinatanuka, mwanya unaziba. Jirani yangu naye alikuwa na mlio wa kusaga. Tulitoa mkanda wa alteneta, tukawasha kwa sekunde ishirini, mlio haupo. Beringi ya alteneta. (Msizidishe hapo, kwenye magari mengi mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji.) Wote wawili niliwaokoa, nalisema hili kwa fahari, na sikuwa na kifaa cha kusikilizia zaidi ya bisibisi.

Kwa hiyo jamani, sikilizeni kwanza. Pima oili, kisha sikiliza. Sikiliza ya baridi, sikiliza ya moto, na kama ni otomatiki, sikiliza kwenye N na kwenye D, breki umeikanyaga. Fundi anayetoa hukumu kabla ya kusikiliza anakisia, na anakisia kwa hela yako. Msione aibu kumuuliza, "Umejuaje?" Fundi anayejua kazi yake hakasiriki, atakuita uweke sikio. Kuna hali isiyongoja: taa ya oili ikiwaka huku injini inagonga, sogea pembeni ya barabara mara moja, zima, na gari livutwe.

Ndugu yangu wa Morogoro, hukuniambia kama Corolla yako ni otomatiki au manyuo, na jibu langu linategemea hilo. Kesho kabla hujawasha, chomoa kijiti cha oili utazame. Oili ikiwa iko sawa, washa, na taa ya oili ikizimika injini ikishawaka (isipozimika, zima mara moja), urekodi sauti kwa simu ikiwa ya baridi, kisha tena ikipata moto, ukiwa umesimama palepale, halafu unitumie zote mbili. Advansi isitoke mpaka tumezisikiliza.