Mbwa Wangu Alikuwa Akifuata Mwezi

Aliyegundua ni babu wa nyumba ya pili, mimi nilikuwa nimelala. Jioni moja nilipita barazani kwake, nikamwamkia, akaitikia marahaba kisha akanizuia na swali.

"Binti yangu, huyo mbwa wako ana jini la namna gani? Wengine hupandwa na wazimu mwezi ukiwa mpevu. Wako mimi nikiwa nimefunga siku nyeupe, tarehe kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano za mwezi mwandamo, ametulia kama maji mtungini. Mwezi ukianza kuliwa tu, mtaa haulali."

Nikacheka, nikaenda zangu. Nyumbani nikamkuta Bosi amefukua shimo jingine chini ya mwembe, amekata kamba ya kuanikia nguo, na tetea wa jirani wa upande wa bondeni yuko mdomoni. Tetea nililipa. Usiku ule nikakaa nikahesabu siku, na babu alikuwa amesema kweli.

Kwa asiyejua maisha ya huku Kibirizi: dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Giza likiwa totoro, taa inawakusanya dagaa chini ya mtumbwi. Mbalamwezi ikiwaka hawakusanyiki vizuri, kwa hiyo mitumbwi hupumzika ufukweni mpaka mwezi upungue. Mimi nanunua dagaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, naanika, nauza. Kipindi cha giza natoka nyumbani saa kumi alfajiri na kurudi jua linazama. Mbalamwezi nashinda nyumbani nashona viroba na kulipa deni la usingizi.

Jini lenyewe ndilo hilo. Mbwa alikuwa anafungwa mnyororo kwenye mwembe, peke yake, kutwa nzima, siku baada ya siku. Kisha ghafla ananipata muda wote. Kisha natoweka tena. Na nilipofikiria zaidi nikakumbuka mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapumzike na kuzaliana. Mifuko yetu ilikauka miezi ile, ila Bosi hakufukua hata shimo moja. Nilidhani amekua, ameacha utoto. Agosti ilipokatika na mimi nikarudi mwaloni, utoto nao ukarudi.

Kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu yote ambayo watu hushauri. Pilipili kwenye ugali, ati awe mkali kwa wezi tu. (Mbwa aliyekula pilipili anaharisha, hapo ndipo ukali wake unapoishia.) Fimbo ndiyo iliyoniletea balaa. Siku moja Bosi alimngurumia mpwa wangu mdogo aliyesogelea sufuria lake la chakula. Nikamchapa ili ajue huyo ni mtoto wa nyumbani. Wiki mbili baadaye mtoto akasogea tena, na safari hii mbwa hakunguruma. Alimng'ata mkono, kimya kimya.

Tuliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mbio hospitali kwa ajili ya chanjo, ingawa kadi ya chanjo ya Bosi ilikuwa hai. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba, kwa hiyo hapo hakuna kusema "ni mbwa wetu huyu". Bwana mifugo akaagiza tumchunge siku kumi. Ndani ya siku hizo kumi, nikimtazama kwa mbali, nikaelewa nilichokuwa nimefanya. Kunguruma ni mbwa kukuomba usogee. Mimi nilimfundisha kwamba akiomba anachapwa, basi akaacha kuomba. Woga wake juu ya chakula ulibaki palepale, nilichoondoa ni hodi tu.

Siku hizi namsoma kabla hajafika huko. Mbwa anayepiga miayo na hana usingizi, anayelamba midomo na hakuna chakula, anayegeuza uso huku weupe wa jicho ukionekana, huyo anasema moyo wake haujatulia. Bosi anakula nyuma ya jiko, peke yake, watoto hawapiti. Nami nikipita namrushia dagaa mmoja juu ya ugali wake na kuendelea na safari yangu. Baada ya kama mwezi hivi alianza kutikisa mkia akisikia ndala zangu, kwa sababu mtu anayekaribia sufuria amekuwa mtu wa kuongeza, si wa kupunguza.

Mnyororo niliutoa. Tulizungusha uzio wa mabanzi na matete, akapata uwanja na kivuli, na kuku wa watu wakapata amani. Lakini usidhani uzio peke yake ulitosha. Wiki ya kwanza alifukua chini ya uzio kama mchimba kisima.

Kilichobadilisha mambo ni pua. Mbwa ana chembe za kunusia zinazokadiriwa kufika milioni 300, sisi tuna kama milioni 6. Kumfungia kiumbe wa namna hiyo sehemu moja yenye harufu zilezile ni sawa na kumfungia mtu kwenye chumba kisicho na dirisha. Kila jioni, jua likishapoa, namchukua na kamba ndefu tunashuka njia ya ziwani, na simharakishi. Akitaka kunusa kisiki dakika tano, nasimama. Watu hunicheka: "Mama, nani anamfuga mwenzake?" Waache wacheke. Nusu saa ya kunusa inamchosha kuliko nilipokuwa namkimbiza nyuma ya baiskeli.

Alfajiri, kabla sijatoka, natupa ukufi wa dagaa wakavu wasio na chumvi kwenye nyasi nyuma ya nyumba. Anaanza kuwatafuta mmoja mmoja, na mimi natoka. Nikiwa na nafasi nafunga wachache ndani ya kiroba kikuukuu kilichojazwa maganda ya mahindi, anakishughulikia mpaka kunapambazuka. Kiroba huwa kinachakaa vibaya, ndiyo, lakini kamba yangu ya nguo ipo.

Kulikuwa na jambo la ndoo pia, ambalo lilinichukua muda kuliona. Bosi alikuwa anaanza kulia kabla hata sijafungua mlango, mara tu nikishika ndoo ya plastiki ninayoendea mwaloni. Kwake ndoo ilikuwa msiba. Basi kipindi cha mbalamwezi, nikiwa sina safari, nikawa naishika ndoo, nazunguka nayo jikoni, naiweka chini, napika. Kesho tena. Mara nyingine natoka nayo mpaka getini na kurudi, kisha mpaka njiapanda na kurudi. Mwanzo alihema na kunifuata kila hatua. Kufikia mwezi wa pili wa zoezi hilo alikuwa anafungua jicho moja na kulifumba. Na saa nane mchana mpwa wangu mkubwa, wa kidato cha pili, akirudi shule anakaa chini ya mwembe na madaftari yake. Hachezi naye. Anasoma tu, mbwa analala pembeni. Kumbe kukaa na mtu kunamtosha.

Kulala nako watu hukusahau. Mbwa mzima hulala saa 12 hadi 14 kwa siku, na wetu wanakesha usiku wakilinda. Mchana watoto wakimchokoza, usiku unapata mbwa mwenye hasira badala ya mlinzi. Kwangu aliyelala haguswi.

Yapo ambayo mapenzi hayatibu. Mbwa mpole akibadilika ghafla mwite bwana mifugo kwanza, huenda ni sikio, jino, au kitu kibaya zaidi. Na dume akitoroka kufuata majike, hilo ni suala la kumhasi.

Akabaki babu. Kila alfajiri anapita na kanzu yake nyeupe kwenda msikitini, na Bosi alikuwa anamrukia uzio kwa kelele. Yeye alinipa sharti moja tu: "Mate yake yasinifikie, nina udhu." Nikamwambia hata karibu hatofika. Nikawa nasimama na Bosi mbali kabisa, kule kwenye mgomba wa mwisho, mahali ambapo anaiona kanzu lakini bado anaweza kuvumilia. Kanzu ikitokea, dagaa. Kanzu ikipotea, dagaa zimekwisha. Kila baada ya siku chache tunasogea hatua mbili tatu. Siku nilizokuwa na haraka nilisogea sana, akabweka, tukarudi nyuma kuanza upya, na kosa lilikuwa langu. Bodaboda yenye bomba lililotoboka bado imetushinda hadi leo.

Juzi giza limeanza tena. Nilirudi mwaloni nikinuka dagaa kama kawaida, babu akanisimamisha barazani.

"Mwezi umekwisha kabisa, binti yangu, na sijamsikia. Yupo kweli?"

"Yupo, babu. Amelala."

Akachungulia juu ya uzio, kwa mbali, mikono nyuma.