Maswali ya Jikoni: Krimu Haina Kazi Kwenye Carbonara

*Nikipika carbonara mayai yanaganda mabonge. Niweke krimu kiasi gani? (Arusha)*

Usiweke hata kijiko. Carbonara ni chakula cha tambi cha Roma, na uzito wa sosi yake unatoka kwenye mayai, jibini ya pecorino na maji ya tambi yenye wanga. Mayai yako yanaganda kwa sababu unayamimina sufuria ikiwa bado motoni. Epua, changanya tambi na mafuta ya guanciale (nyama ya shavu la nguruwe), ziache zipoe kidogo, ndipo umimine mayai ukikoroga upesi huku ukiongeza maji ya tambi. Krimu inaficha kosa tu. Hoteli nyingi zimewazoesha watu rojo jeupe zito, nao wanaamini Warumi wanakula hivyo.

*Sisi Waislamu tutumie nini badala ya guanciale kwenye carbonara? Nimeambiwa soseji za kuku. (Zanzibar)*

Dada yangu, guanciale ni shavu la nguruwe, na mafuta yake ndiyo ladha yenyewe. Soseji za kuku haziwezi kazi hiyo. Pika cacio e pepe, nayo ni ya Roma: tambi, pecorino, pilipili manga iliyotwangwa papo hapo na maji ya tambi, basi. Nyama haimo kabisa. Ila kuna jambo hukuuliza: pecorino romano hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la mwanakondoo, na jibini ya Parmigiano Reggiano kwa cha ndama. Muulize shehe wako kabla hujanunua.

*Nitie mafuta kwenye maji ili tambi zisishikane?*

Hapana. Nimeshajibu hili mara nyingi. Lita moja ya maji kwa kila gramu 100 za tambi, chumvi gramu 10, koroga mwanzoni. Wala msizisuuze!

*Naomba resipe ya spageti bolonyezi kama wanavyopika Bologna. Nina dakika 20. (Nakuru)*

Bologna hawapiki hivyo. Wao wana ragù, sosi ya nyama, na wanaila na tagliatelle, tambi bapa za mayai. Tarehe 17 Oktoba 1982, Accademia Italiana della Cucina, taasisi ya upishi wa Kitaliano, iliandikisha resipe yake kwenye chemba ya biashara ya mji huo: nyama ya ng'ombe, pancetta (nguruwe tena, angalieni), karoti, selari, kitunguu maji, nyanya kidogo, divai na maziwa. Kitunguu saumu hakimo. Oregano haimo. Kechapu ndiyo kabisa. Wengi wetu tunapika sufuria ya nyanya yenye nyama kidogo, kumbe ragù ni nyama, na nyanya inaisindikiza tu. Inataka moto mdogo, saa mbili au zaidi. Kwa dakika zako 20 pika aglio e olio ya Napoli: tambi, kitunguu saumu, mafuta ya zeituni, pilipili.

*Parmesan ya unga ya kopo si ni ileile Parmigiano Reggiano?*

Si ileile. Parmigiano Reggiano ina maziwa, chumvi na kimeng'enya tu. Gurudumu moja hula lita 550 hivi za maziwa na hukaa ghalani angalau miezi 12. Geuza kopo lako usome: ukikuta selulosi, umeuziwa kijazio. Nunua kipande kidogo ukune mwenyewe. Ganda lake usitupe, lichemshe ndani ya supu ya maharage.