Shangazi, mume kaniletea klamidia, nifungashe?

Binti ana ndoa ya mwaka wa pili, mtoto bado, na hospitali wamemkuta na klamidia, ugonjwa wa zinaa, kwa mara ya pili sasa. Mume anadai haumwi popote, binti anataka kuondoka.

Pole mwanangu, maumivu ya chini ya kitovu siyo mchezo. Pole imeisha, tuongee.

Umeandika "mara ya kwanza nilikunywa dawa kimyakimya asijue". Hapo ndo nimesimama. Yaani ulificha vidonge kwenye pochi ya vipodozi, ukameza, ukarudi kitandani kama kawaida, halafu ugonjwa umerudi unashangaa? Ulikuwa unadeki na bomba linavuja. Mwanaume hakuambiwa, angetibiwa vipi? Na kutoumwa siyo kigezo, klamidia wengi hawaoni dalili yoyote, wanawake ndo kabisaa, inaweza kukaa miezi na miezi imetulia tu. Ndo maana nakuuliza, kabla ya ndoa ulipima? Barua yako imeanzia siku ya harusi kama vile ndo siku uliyozaliwa. Labda kaileta yeye, labda ulikuja nayo wewe, kipimo hakisemi nani alianza, kwahiyo hiyo kesi ya uzinzi ushahidi huna.

Na mama mkwe unayemlalamikia eti anajifanya kujua, kisa kasema "nendeni wote wawili mkapime", mi naona ndo mwenye akili humo ndani.

Ndoa za siku hizi bwana! Mnajuana paswedi, mnapekuliana simu usiku wa manane, ila kumwambia mwenzio nimekutwa na ugonjwa wa zinaa twende wote, aibu. Mficha uchi hazai mwanangu, na kwako wewe ndo ilivyo hasa, klamidia ikiachwa inapanda mpaka kwenye mirija ya uzazi, inaacha makovu, mirija inaziba, au mimba inatunga nje ya kizazi na hiyo inaua. Kila ukiambukizwa upya hatari inaongezeka.

Mwambie leo. Apime, atibiwe, na wewe umalize dozi, vidonge vya doksisaiklini unameza siku zote ulizoandikiwa siyo mpaka maumivu yapoe, ila ukihisi una mimba mwambie daktari kabla hujameza. Mpaka wote mmalize mnalala mzungu wa nne. Baada ya miezi 3 karudie kipimo. Akishaambiwa ukweli wote na bado akagoma kupima, niandikie tena, habari za kufungasha nitazisikiliza siku hiyo.