Kabla Hujanunua Vitabu vya CPA, Hesabu Krediti Zako

Tangu niweke mtandaoni picha ya leseni yangu ya CPA ya Texas, yaani ya mhasibu wa umma aliyeidhinishwa, simu haijatulia. Pongezi ni nyingi na nazipokea kwa moyo wote, maana leseni hii nimeitolea jasho. Lakini kuna ujumbe mmoja umenikosesha raha. Umetoka kwa binti wa Kitanzania aliyeko Dallas. Ana digrii ya uhasibu ya nyumbani, na mchana anafanya kazi kwenye ghala.

"Shikamoo dada. Nilinunua vitabu vya mitihani yote minne kwa mkopo. Nimeomba kufanya mtihani, bodi wanasema krediti zangu hazitoshi. Mbona digrii ninayo?"

Marahaba, mdogo wangu. Digrii unayo, tena ni digrii halali na usikubali mtu yeyote akuambie vinginevyo. Ila bodi haikuuliza kama una digrii tu. Imeuliza una krediti ngapi, yaani vipimo vya uzito wa masomo ya chuo, za masomo gani, na za ngazi gani. Ukilielewa hilo mapema utaokoa pesa na machozi.

Mtihani wa CPA wa Marekani, wenye sehemu nne, ni mmoja kwa nchi nzima. Unatungwa na AICPA, chama cha wahasibu wa Marekani, na unafanywa kwenye vituo vya mitihani vya kampuni ya Prometric. Lakini anayeamua nani aingie kwenye chumba cha mtihani ni bodi ya uhasibu ya jimbo. Ukijumlisha majimbo 50, Washington D.C. na visiwa vilivyo chini ya Marekani, bodi ziko 55, na kila moja ina masharti yake. Ndiyo maana mtu wa Minnesota anaweza kukupa ushauri kwa nia njema kabisa, nao ukakupoteza wewe wa Texas. Fungua tovuti ya bodi ya jimbo lako, usome masharti mwenyewe hadi mwisho.

Sasa nikusimulie yangu.

Nilisoma BCom, digrii ya biashara, pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka mitatu, nikabobea kwenye uhasibu. Nikaajiriwa Dar kwenye kampuni ya ukaguzi wa hesabu. Nimehesabu stoo za pamba Shinyanga, nimekesha na mafaili ya wateja hadi adhana ya alfajiri ikanikuta ofisini. Kazi nilikuwa naijua. Bahati nasibu ya viza iliponiangukia, nikatua Houston na cheti changu kwenye mkoba wa mkononi, sikukubali kikae kwenye begi la chini ya ndege. Nikabeba maboksi kama wengine wote, kisha nikalea wazee zamu za usiku, mwishowe nikapata kazi ya karani wa hesabu kwenye kampuni moja ya wastani.

Pale ndipo nilipoonjeshwa uchungu. Nafasi ya mhasibu ilipotoka, niliomba. Mkuu wangu aliutazama wasifu wangu kwa dakika mbili, akaniambia digrii yangu ni ya miaka mitatu, na hapa digrii ni miaka minne, kwa hiyo nitafute kwanza "elimu kamili". Nafasi akapewa kijana niliyekuwa namfundisha mimi jinsi ya kulinganisha hesabu za benki. Sijalisahau neno lile. Leo nina leseni, na bado likinijia usiku linaniuma. Nalieleza hapa kwa sababu najua wengi mmeambiwa maneno ya namna hiyo, mkaondoka kimya.

Nikaamua kwenda kwenye CPA. Hatua ya kwanza ilikuwa tathmini ya vyeti, yaani kulinganisha masomo yangu na ya Marekani, na hapa nataka usome polepole.

Digrii ya kwanza ya Marekani kwa kawaida ni krediti 120, yaani 30 kwa mwaka kwa miaka minne. Leseni ya CPA kwa miaka mingi imedai 150. Sasa wewe uliyesoma Tanzania miaka ya karibuni ukitazama transkripti yako utaona 360, ukafurahi. Usifurahi bado. Krediti ya mfumo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ni saa 10 za kazi yote ya mwanafunzi. Krediti ya Marekani ni saa moja ya darasani kila wiki kwa mhula mzima wa wiki kama 15, pamoja na saa za kujisomea nje ya darasa. Mwaka mmoja wa kwetu wenye krediti 120 unasimama na mwaka mmoja wa kwao wenye 30. Kwa hiyo 360 yako itakaribia 90. Wakenya wa 8-4-4 waliosoma chuo miaka minne wana nafuu, maana digrii zao huwa karibu zaidi na ile 120.

Tathmini yangu ya kwanza ilirudi na 90. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba kozi kadhaa za uhasibu ziliandikwa kuwa za utangulizi, kwa sababu tu majina yake yalikuwa mafupi na yenye namba. Mtathmini hakuuliza ndani mlikuwa na nini. Nikakata rufaa. Mdogo wangu wa kiume alizunguka Dar kwa ajili yangu: ofisi ya msajili, namba ya malipo, bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri, muhtasari wa kila kozi, na matokeo yangu ya kidato cha sita kutoka NECTA, baraza la mitihani la Tanzania. Matokeo ya kidato cha sita yaliniongezea krediti za jumla, kwa sababu masomo yale ni ya ngazi ambayo Mmarekani huyakuta mwaka wa kwanza wa chuo. Mihtasari ikazihamisha kozi zangu za ukaguzi na uhasibu wa gharama kwenda ngazi ya juu, zinakostahili. Mdogo wangu, popote usomapo hapa, Mungu akulipe.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Dallas, kabla ya yote peleka mihtasari ya kozi. Peleka na kidato cha sita. Usisubiri waombe, na tumia mtathmini anayekubaliwa na bodi yako, kwa sababu ripoti nzuri kutoka kwa mtathmini ambaye bodi haimtambui ni karatasi tu.

Hata baada ya rufaa nilikuwa mbali na 150, na wakati ule Texas ilidai 150 zote kabla hata ya kukuruhusu kufanya mtihani. Tena 150 haitoshi kuwa 150 ya chochote. Texas inataka uhasibu wa ngazi ya juu, na zile kozi mbili za mwanzo za uhasibu ambazo kila mtu wa biashara anasoma hazihesabiwi kabisa humo. Inataka krediti 24 za masomo ya biashara. Inataka kozi ya maadili ya krediti 3 iliyoidhinishwa na bodi yenyewe. Nimekutana na watu wana krediti 160 na bado wamekwama, kwa sababu walijaza jumla wakasahau aina. Jumla ni debe, na bodi inachungulia ndani kuona umejaza nini.

Nilichofanya ni hiki. Krediti za kujaza jumla, ambazo zingeweza kuwa za somo lolote, nilizichukua kwenye chuo cha jamii, ambako ada kwa mkazi wa eneo ni ndogo mno ukilinganisha na chuo kikuu. Kozi za uhasibu za ngazi ya juu nilizichukua chuo kikuu cha umma, jioni, moja au mbili kwa mhula. Uhasibu wa kati, kodi za Marekani, ukaguzi wa juu. Kabla ya kulipia kozi yoyote nilihakikisha kwa maandishi kuwa bodi itaihesabu na kwenye kundi gani. Kwa maandishi, si kwa simu. Mshauri wa wanafunzi wa chuo kimoja aliniapia kwamba kozi fulani ya maadili ya biashara ingekubalika, na haikuwemo kwenye orodha ya bodi. Ningemsikiliza ningelipa mara mbili. Hawa washauri ni watu wema, lakini kazi yao ni kukupeleka kwenye mahafali, si kwenye leseni.

Wengine watakuambia ufanye uzamili moja kwa moja. Ni njia nzuri, hasa kama mwajiri anakulipia. Mimi nilikuwa na watoto wawili na kodi ya nyumba.

Kisha, Septemba 2023, sheria mpya ya Texas ikaanza kutumika: mtu akiwa na krediti 120, zikiwemo 21 za uhasibu wa ngazi ya juu, anaruhusiwa kufanya mtihani, halafu 150 azikamilishe kwa ajili ya leseni. Mimi nilikuwa nimeshazipita 120. Niliisoma ile habari kwenye tovuti ya bodi wakati wa chakula cha mchana kazini, nikatoka nje kwenye maegesho nikapiga kigelegele peke yangu. Wenzangu wengi tuliokuwa nao darasani hawakujua kwa muda mrefu, kwa sababu hawakuwa na mazoea ya kuitembelea tovuti ile. Mimi nilikuwa naifungua kama watu wanavyofungua magazeti.

Miezi ya kusomea mtihani sitaisimulia, kila mtu anaijua habari ya kulala kwa saa nne tu. Ujue tu kwamba tangu Januari 2024 mitihani imepangwa upya: mitatu ni ya lazima kwa wote, yaani ukaguzi, uhasibu wa fedha na kodi, kisha unachagua mmoja kati ya mitatu ya ubobezi. Kila mmoja ni saa nne na unahitaji alama 75. Ukishafaulu wa kwanza saa inaanza kukuhesabia hadi umalize iliyobaki, na majimbo mengi yamerefusha muda huo kutoka miezi 18 hadi 30. Kila mtihani unagharimu zaidi ya dola 200, ada za maombi mbali. Ndiyo maana nasema usinunue vitabu kabla bodi haijakuandikia kuwa unastahili. Vitabu vinapitwa na wakati, na mkopo unaendelea kudai.

Na hapa naomba mnivumilie nihubiri kidogo. Tuache tabia ya kuchukua masharti ya maisha yetu kwenye makundi ya WhatsApp. Mtu ameandika "CPA(T) inakubalika Marekani", na watu arobaini wamejibu "amina". Haikubaliki badala ya masharti ya bodi. CPA(T) ya NBAA, bodi ya Tanzania, na CPA(K) ya KASNEB, bodi ya Kenya, ni vyeti vya heshima na vimewafikisha watu mbali, lakini nchi zetu hazina na Marekani mkataba wa kutambuana kama walionao wahasibu wa Canada, Australia na Mexico. Ukweli huu unauma, na ni bora ukuume mwezi wa kwanza kuliko mwaka wa tatu. Tuache pia kuona aibu kurudi chuo cha jamii ukiwa na miaka 38 na digrii tayari. Nilikaa na watoto wa miaka 19, nikawapita kwenye mitihani. Hakuna aibu hapo. Aibu ni kuijua kazi kuliko wanaokusimamia halafu ukaiacha karatasi ikushinde.

Kuna habari nyingine unayopaswa kuijua kabla hujajiandikisha kozi za kufikisha 150. Januari 2025 Ohio ilipitisha sheria inayomruhusu mtu mwenye digrii ya kwanza ya kawaida, bila zile krediti 30 za ziada, kupata leseni akiwa na uzoefu wa kazi wa miaka miwili badala ya mmoja na amefaulu mtihani. Texas na majimbo mengine yakafuata mwaka huohuo, na tarehe ya kuanza ya Texas ni Agosti 2026. Kwa hiyo fanya hesabu yako upya. Kama umebakiza krediti chache kufika 120, zimalize hizo kwanza, tena za uhasibu wa ngazi ya juu. Zile 30 za mwisho usizikimbilie mpaka ulinganishe ada yake na mwaka mmoja zaidi wa kazi.

Lakini si kila kazi ya hesabu inakubaliwa kuwa uzoefu. Kwa njia niliyopita mimi, Texas ilitaka mwaka mmoja, saa 2,000, chini ya usimamizi wa mtu mwenye leseni ya CPA atakayekusainia fomu. Miaka yangu ya ukarani haikunisaidia, kwa kuwa pale hapakuwa na CPA hata mmoja, yule mkuu wangu naye akiwa hana. Nilihamia kwenye ofisi ndogo ya kodi ya mama mmoja wa Kinigeria mwenye leseni, kwa mshahara pungufu kidogo, naye akanisimamia na kunisainia bila longolongo. Kwa hiyo ukiitwa kwenye usaili, baada ya kujibu yao, uliza lako: hapa nani ana leseni ya CPA, na je, atakuwa msimamizi wangu wa moja kwa moja? Jibu likiwa hapana, endelea kutafuta hata kama dola ni nzuri.