Kano ya kisigino na kilomita 21 za Mombasa: jibu kwa dada wa Changamwe

Dada, swali lako nimelisoma lote. Unasema kano ya kisigino cha kulia, ile kamba nene ya nyuma inayounganisha msuli na mfupa wa kisigino, inakusumbua tangu msimu wa kusi, nusu marathoni umeshailipia, zimebaki wiki kumi, daktari amekwambia upumzike kabisa, na wenzako wa mazoezi wanakwambia kimbia tu itajiponea. Unauliza umsikilize nani. Mimi nasema mbio hizo zinakimbilika, ila si kwa njia ya daktari wako wala ya wenzako, na kuna sharti moja nitalolieleza kwa urefu kwa sababu ndilo lililonivusha.

Kazi yangu ni ya bandarini, kutwa nimesimama juu ya zege. Yaliyonipata ni hayo hayo yako, tofauti ni mguu, wangu ulikuwa wa kushoto. Asubuhi unashuka kitandani, unakanyaga sakafu, na hatua za mwanzo unazipiga kama umevaa kiatu cha mbao. Ukifika msalani umeanza kulegea. Ukitoka kukimbia, kilomita ya kwanza inauma, ya tatu huisikii tena, unajiambia alhamdulillahi nimepona. Hujapona. Kano ikishapata joto hunyamaza, na deni lake hulidai kesho yake alfajiri.

Basi sharti lenyewe ni hilo: kano usiihukumu ukiwa barabarani, ihukumu kesho yake asubuhi. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyenitibu alinipa kipimo cha sifuri hadi kumi. Maumivu wakati wa zoezi yakifika hata tano si balaa, mradi kesho asubuhi yawe yameshuka yalikokuwa, na wiki hadi wiki yasiwe yanapanda. Kila nikiamka, kabla ya kuvaa ndara, nilikuwa nashika ukuta, nasimama kwa mguu mbovu peke yake, nainua kisigino mara kumi, kisha naandika namba kwenye simu. Namba ikiwa ile ile ya jana au chini yake, leo nakimbia. Ikipanda, leo natembea. Hata kama jua halijachomoza na wenzangu wananipigia simu wako Mama Ngina, ile barabara ya kando ya bahari, wananingoja, natembea.

Kupumzika kabisa kunapunguza maumivu, hilo daktari hakukosea. Tatizo ni kwamba kano haina damu nyingi kama msuli, nayo hupata nguvu kwa kubebeshwa mzigo. Ukiilaza miezi miwili haiumi, lakini imedhoofu, na siku unaporudi barabarani unaanza upya. Wenzako nao wanasahau kwamba baada ya zoezi zito kano hubomoka kwanza ndipo ijengeke. Kwa siku nzima na nusu hivi ya mwanzo kinachobomoka ni kingi kuliko kinachojengwa. Kwa hiyo kukimbia siku mbili mfululizo, mtu mwenye kano mbovu hatakiwi, hata akijisikia mzima. Leo kimbia, kesho pumzisha, na kesho kutwa tazama namba yako.

Sasa dawa yenyewe, ambayo haina gharama: ngazi. Daktari wa Sweden aitwaye Håkan Alfredson alichapisha mwaka 1998 zoezi ambalo hadi leo wataalamu wengi wanaanza nalo. Husimuliwa kwamba yeye mwenyewe aliugua kano, akaomba apasuliwe, mkubwa wake akamkatalia, akaamua kuitesa makusudi ili iharibike kabisa wasiwe na budi kumpasua. Ikapona. Unasimama ukingoni mwa kidato cha ngazi kwa nusu ya mbele ya nyayo, visigino viko hewani. Unapanda kwa miguu yote miwili, uzito unauhamishia mguu mbovu, kisha unashuka taratibu mpaka kisigino kipite chini ya kidato na uisikie shavu ya mguu ikivutika. Mara 15, seti tatu, goti likiwa limenyooka. Halafu seti tatu nyingine goti limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, kwa wiki 12.

Mimi nilifanyia kwenye ngazi za jengo letu baada ya Magharibi, mkono mmoja kwenye chuma chenye kutu. Maumivu yalipopungua nikaambiwa niongeze uzito, nikavaa mkoba wa mgongoni wenye pakiti za unga za kilo mbili mbili. Watoto wa jirani wakawa wananihesabia kwa sauti, na wakiruka namba makusudi. Bibi wa orofa ya chini aliuliza siku moja kama nimelogwa nishindwe kuingia nyumbani kwangu. Zoezi lenyewe linachosha roho kuliko mwili. Wiki za mwanzo linauma na huoni faida yoyote, na wengi huliacha hapo hapo.

Wewe wiki 12 huna, una kumi. Haidhuru, anza leo, na zikimalizika mbio uendelee. Ila kabla hujapanda ngazi, bana kano kwa vidole viwili kuanzia juu ukishuka. Kama panapouma ni katikati, vidole vitatu au vinne juu ya kisigino, fanya nilivyoeleza. Kama panapouma ni chini kabisa, pale kano inaposhikana na mfupa, usishushe kisigino chini ya kidato, maana pale kano hukandamizwa dhidi ya mfupa ikazidi kuudhika. Fanyia sakafuni tu, panda na shuka. Na kama maumivu yako kwenye mfupa wenyewe, mahali pamoja unapoweza kupagusa kwa ncha ya kidole, na yanakuamsha usiku, hiyo si habari ya kano. Huenda ni ufa kwenye mfupa. Hapo acha mbio, nenda ukapigwe picha.

Kuhusu dawa za dukani nitakuwa mkali kidogo. Mtu wa pwani akihisi homa ya tumbo au mkojo unamchoma, anaenda dukani anapewa ciprofloxacin, dawa ya kuua bakteria, bila cheti, anameza. Dawa hiyo na wenzake wa ukoo huo wanajulikana kudhoofisha kano, hasa hii ya kisigino, mpaka inakatika. Marekani waliamuru mwaka 2008 onyo hilo liwekwe juu kabisa kwenye karatasi ya dawa. Jikumbushe kama uliimeza karibuni, na ukiandikiwa tena mwambie daktari kwamba una kano mbovu na unakimbia, akutafutie nyingine ikiwezekana. Sindano ya steroidi, dawa kali ya kupunguza uvimbe, kwenye kano yenyewe, kataa. Inaondoa maumivu upesi na inaweza kuiacha kano dhaifu ikakatika. Na diclofenac, dawa ya maumivu, ya kumeza asubuhi ya mbio ili usisikie kitu, hiyo inakunyang'anya kile kipimo chako, halafu kwenye joto letu, mwili ukikauka maji, figo zinaumia. Kukandwa sina ugomvi nako. Mafuta ya nazi ya moto kwenye shavu ya mguu ni raha na yanasaidia, ila mkandaji asiisugue kano kwa dole gumba kama anatafuta kitu kilichopotea.

Tuje kwenye mahali pa kukimbilia, maana mji huu una hila zake. Wengi watakwambia nenda ufuoni Nyali au Bamburi, mchanga ni laini. Kwa goti sawa, kwa kano hapana. Kwenye mchanga mkavu kisigino kinazama na kano inavutika kila hatua kuliko barabarani. Ule mgumu wa maji yakishakupwa una mteremko kuelekea baharini, mguu mmoja unakuwa juu mwingine chini. Bahari yenyewe ndiyo nzuri. Siku ambazo namba ilipanda nilikuwa naingia maji ya kifuani natembea kwa nguvu, mikono inasukuma, pumzi inapanda na kano haibebi kitu. Angalia maji tu, wakati wa bamvua yanatoka mbali mno, unaweza kutembea nusu saa ndipo upate ya magotini.

Mama Ngina ni tambarare, ina upepo, na kabro zake, yale matofali ya kutandika chini, hazina shida zikiwa kavu. Ukikimbilia barabarani, kumbuka pembeni pameinama kwa ajili ya maji ya mvua, basi usiende na kurudi upande ule ule. Na daraja la Nyali liheshimu. Kupanda kule hakuonekani ukiwa ndani ya matatu, kwa miguu ndipo utakapokujua. Mlimani kisigino kinashuka zaidi na kano inavutika zaidi, kwa hiyo mimi daraja nilikuwa nalitembea kwa hatua za haraka mpaka wiki za mwisho. Viatu chagua vyenye kisigino kilichoinuka kidogo. Hizi raba za chini kabisa zinazosifiwa, ziweke kando mpaka mwakani. Ukipata kipande cha kuweka ndani ya kiatu kuinua kisigino, weka miguu yote miwili, si mmoja.

Na joto, dada. Nalitaja kwa sababu mtu aliyekuwa mgonjwa huwa hajazoea tena, na hafikirii hilo, anafikiria mguu tu. Wakati huo kaskazi itakuwa imeshashika. Mwaka 2007, tarehe 24 Machi, mbio za nyika za dunia zilifanyika hapa kwetu, kwenye uwanja wa gofu pale Mama Ngina. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuwa amezishinda miaka mitano mfululizo. Kilomita 12 tu, na mzunguko wa mwisho joto likamshinda, akasimama, akatoka. Zersenay Tadese wa Eritrea akachukua. Jasho letu halikauki kwa sababu hewa imeshajaa unyevu, linachuruzika tu bila kupoza mwili. Basi mwendo unaokimbia wewe alfajiri saa kumi na moja, usitarajie kuuweza jua likishatoka. Mwili ukichoka kwa joto hatua zinaharibika, unaanza kuburuta, na mzigo wote unaangukia pale pale panapouma. Maji kunywa kwa kiu, usibugie kila meza unayoikuta, kwa kuwa maji matupu yakizidi yanapunguza chumvi mwilini na hiyo nayo ni hatari. Madafu nayapenda, lakini chumvi ya jasho hayairudishi yote, kula na kitu cha chumvi.

Siku yenyewe, mambo mawili yaamue nyumbani, kwa sababu ukishaingia katikati ya watu, ngoma zinapigwa, hutaamua vizuri. La kwanza ni kutembea. Mimi nilitembea dakika moja kila baada ya dakika nane za kukimbia, tangu mwanzo kabisa, wakati sihitaji. Nilipitwa na mzee mwenye kanzu aliyekuwa anakwenda zake sokoni, na kijana mmoja wa bodaboda akaniuliza kama nataka kubebwa. Nilimwambia akaningoje kwenye utepe wa mwisho. Kutoka kilomita ya 15 nilianza kuwapita walioondoka kwa fujo, na sikuwapita kwa mbio, ni wao waliokuwa wamesimama wameshika viuno.

La pili ni pa kutokea. Chagua sehemu mbili kwenye njia ambapo tuktuk zinapatikana, uwe na simu na hela kidogo ndani yake. Ukifika pale unachechemea, yaani mtu akikutazama kwa nyuma anaona kwamba mguu mmoja unauhurumia, toka. Kuuma peke yake si sababu ya kutoka. Kuchechemea ndiko sababu. Na ukisikia mshituko nyuma ya mguu kama umepigwa teke, ukageuka na hakuna mtu, simama hapo hapo. Huwezi kuinuka kwa vidole vya mguu huo? Kano imekatika, twende hospitali siku hiyo hiyo, si Jumatatu.

Ukimaliza salama, wiki nzima usikimbie hata kama namba ya asubuhi ni sifuri. Ngazi unarudia siku ya tatu au ya nne. Medali ukishaipiga picha, rudi kwenye kidato.

Kwa sasa fanya lile la kubana kwa vidole, uandike hapa ni katikati au chini mfupani, na unaweza kukimbia kilomita ngapi kabla namba ya kesho yake haijapanda. Kama ni chini ya kilomita tano, mpango wa wiki hizi kumi utakuwa tofauti kidogo na nitakuandikia wa kwako. Na pia sema viatu ulivyonavyo ni vya namna gani, nina shaka navyo.