Nani atakalia kiti cha fundi?

Mwanangu,

Unauliza kama ubebe zana zako kwenda kupuliza kioo Corning, Marekani, au utumie za wenyeji wako. Koleo lako beba, liweke kwenye begi la chini ya ndege. Mabomba ya kupulizia utayakuta hukohuko. Mimi ningeuliza jingine: nani atakalia kiti cha fundi?

Unakumbuka nilivyorudi kutoka Murano, hata baba yako akaacha kuniuliza habari za safari. Kisiwa kile kinapuliza kioo tangu tanuri za Venice zilipohamishiwa huko mwaka 1291 kwa hofu ya moto, na kina utaratibu wake: maestro, yaani fundi mkuu, hukaa kitini; servente, msaidizi wake, humletea kioo kilichoyeyuka; garzone, kijana wa kazi, hutumwa huku na huku. Msanii mgeni huchora. Mimi, niliyeunguza nyusi nikiyeyusha vioo vya madirisha kabla hujazaliwa, nikapewa penseli na stuli, mbali na moto.

Kioo hakisomwi kwa macho, husomwa kwa uzito. Nimekuimbia hilo tangu utotoni. Sasa utausikiaje uzito ukiwa umekalia stuli?

Siku moja wenzake walipokwenda kula, servente akanipa bomba. Kioo chetu cha madirisha unakijua, kikitoka motoni hukakamaa upesi, lazima ukikimbize. Cha kwao kilibaki laini nchani mwa bomba. Nikakizungusha, nikakibana shingo, nikakirudisha motoni, nikakibana tena bila papara. Nilicheka kwa sauti. Maestro akarudi, akachukua bomba mkononi mwangu, akagonga mara moja, kazi yangu ikaangukia kwenye pipa la vipande. Kisha akaomba mchoro.

Alichokitengeneza ndicho kile kilicho kabatini kwa shangazi yako. Kina jina langu, nami sikukigusa. Ni kizuri, siwezi kukataa. Ukingo wake ni mwembamba kuliko wowote niliowahi kuufikia. Pengine ilikuwa haki yake, tanuri ni lake. Lakini kwa nini asiniache nimalize? Na bado, hata mimi sijawahi kufanya kazi peke yangu: likizo zote wewe ndiye uliyenifungulia mlango wa tanuri.

Uendako kuna desturi nyingine. Msanii wa kioo Harvey Littleton alizaliwa Corning mwaka 1922, baba yake mwanafizikia wa kiwanda cha kioo. Mwaka 1962, kule Toledo, Ohio, aliendesha mafunzo kwa tanuri ndogo, akitaka msanii ayeyushe na kupuliza mwenyewe bila kiwanda. Kwa hiyo moto utapewa. Utapewa na wasaidizi, na msaidizi hodari anaweza kukuondolea kazi mkononi kwa upole, ukamshukuru. Usikubali... hapana, sisemi usikubali. Chombo kizito kinahitaji mikono mingi. Ila shingo ubane mwenyewe. Kioo husomwa kwa uzito.

Kama yule mzee alinionea au alinifundisha, jibu ninalo, limenijaa mdomoni. Kwa leo nakunyima, na si kwa kupenda. Fanya kazi na watu wako kwanza, halafu nipigie tubishane.

Mama yako